Dopamini na saa yake: kemia ya ubongo katika ugonjwa wa Parkinson

Ndugu mwenyekiti, walimu na wanafunzi, wauguzi, nanyi mnaowatunza wazazi na wenza wenu nyumbani, asanteni kwa kufika.

Wengi wenu mmekwisha kusikia kwamba Parkinson ni ugonjwa wa upungufu wa dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo hupelekeana nayo ujumbe. Ni kweli, ila ukiishika kauli hiyo peke yake utashindwa kueleza mengi unayoyaona kwa mgonjwa. Tembe iliyomwezesha kunyanyuka kitini asubuhi, mbona saa moja baadaye inamzungusha mabega na shingo bila yeye kutaka? Mbona mlo mkubwa wa nyama unaweza kuifanya dozi ya mchana iwe kama haikumezwa? Ninachokuja kueleza leo ni kwamba ubongo hautazami kiasi cha dopamini peke yake. Unatazama pia imefika lini, imefika wapi, na imekaa kwa muda gani. Wanaofanya utafiti maabara wanahangaika na saa, na wanaogawa dawa wodini wanahangaika na saa hiyohiyo.

Tuanze na namna inavyotengenezwa, maana dawa karibu zote zinaingilia hatua mojawapo ya hizi. Malighafi ni tairosini, asidi amino inayotoka kwenye protini tunazokula. Kimeng'enya cha kwanza, tairosini haidroksilasi, huigeuza kuwa levodopa. Hatua hii ndiyo ya polepole kuliko zote, kwa hiyo ndiyo inayoamua kasi ya kazi yote. Inahitaji oksijeni, madini ya chuma na kemikali saidizi iitwayo tetrahaidrobiopterini. Kimeng'enya cha pili, dekaboksilasi, kwa msaada wa vitamini B6, huikata levodopa kipande kimoja na papo hapo ikawa dopamini. Hapo dopamini inatakiwa iondolewe haraka kwenye majimaji ya seli. Pampu iitwayo VMAT2 huisukuma ndani ya vifuko vidogo vyenye tindikali, na humo hutulia. Ikibaki nje ya vifuko huoksidishwa, ikazaa kwinoni na peroksidi ya haidrojeni, vitu vinavyoharibu protini na utando wa seli.

Seli ikipata ishara, vifuko hufunguka na dopamini humwagika nje. Huvigusa vipokezi vya seli jirani, kisha pampu nyingine, DAT, huirudisha ndani ya seli iliyoitoa. Isiyorudi huvunjwa na vimeng'enya viwili, MAO na COMT. Mkiyakumbuka majina haya matatu ya mwisho mtakuwa mmeelewa nusu ya maelezo yaliyoandikwa kwenye maboksi ya dawa.

Seli zenyewe zinazofanya kazi hii ni chache mno. Katika substansia nigra, eneo la ubongo wa kati, binadamu ana takriban laki 4 hadi 6, pande zote mbili zikijumlishwa. Lakini kila moja hutandaza matawi marefu hadi striatamu, sehemu ya ndani ya ubongo inayosaidia kuongoza miondoko, na inakadiriwa kwamba seli moja tu ya binadamu huhudumia miungano na seli nyingine zaidi ya milioni. Juu ya hayo, hujipigia mdundo zenyewe mchana na usiku bila kungoja amri, na kila pigo huingiza kalisi ambayo lazima itolewe tena kwa kutumia nishati. Ni seli inayoishi ukingoni mwa uwezo wake. Ndani yake hujikusanya rangi nyeusi, niuromelanini, na kwa sababu hiyo eneo zima huonekana jeusi kwa macho ubongo unapopasuliwa. Kwa aliyefariki akiwa na Parkinson, weusi huo umepauka. Konstantin Tretiakoff alilionyesha hilo mwaka 1919, miaka zaidi ya 100 baada ya daktari James Parkinson kuueleza ugonjwa huu London mwaka 1817.

Dalili za mwili, yaani wepesi kupotea, misuli kukaza na mkono kutetemeka ukiwa umepumzishwa, hazijitokezi mpaka sehemu kubwa ya seli hizo iwe imekwisha kupotea. Matawi ya striatamu hutangulia kufa, mwili wa seli hufuata. Anayesubiri mkono utetemeke ndipo aanze kuukinga ubongo anaanza na jengo lililokwisha kubomoka nusu.

Historia nitaipitisha haraka, maana inaonyesha jambo hilihili la wakati. Mwaka 1957 Arvid Carlsson, huko Sweden, aliwapa wanyama reserpini, dawa inayoifunga ile pampu ya vifuko. Sungura walilala masikio yameanguka, hawasogei. Alipowadunga levodopa waliinuka, na baada ya muda mfupi wakarudi walivyokuwa. Mwaka 1960, Vienna, Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz walipima ubongo wa marehemu kwa njia ya kubadilisha rangi: sampuli ya striatamu ya mtu asiyeugua iligeuka waridi, ya mgonjwa wa Parkinson haikugeuka. Mwaka uliofuata Hornykiewicz na Walther Birkmayer walichoma levodopa mshipani, na wagonjwa waliokuwa wamelala tu wakaweza kuketi na kutembea, kwa saa chache. Wengine waliojaribu kwa dozi ndogo hawakuona kitu, na wazo zima likakaribia kutupwa. Mwaka 1967 George Cotzias, Marekani, ndiye aliyeliokoa, na ubunifu wake ulikuwa subira: alianza na dozi ndogo mno, akaipandisha polepole kwa wiki nyingi hadi kufikia gramu kadhaa kwa siku, tumbo likipewa nafasi ya kuzoea. Carlsson alipata tuzo ya Nobel mwaka 2000. Hornykiewicz hakuwemo, na wanasayansi wengi wa fani hii walilalamika waziwazi. Kwa maoni yangu walikuwa na haki.

Sasa niwaingize maabara, maana watu hudhani kupima dopamini ni sawa na kupima sukari ya damu. Sivyo. Kuna njia mbili kongwe, na kila moja inaona kile ambacho mwenzake haioni.

Ya kwanza ni mikrodialisisi. Mrija mwembamba wenye utando unaopitisha molekuli ndogo huingizwa kwenye striatamu ya panya, na maji ya chumvi yanayofanana na majimaji ya ubongo hupitishwa humo kwa mikrolita 1 au 2 kwa dakika. Dopamini huvuka utando, ikakusanywa kwa dakika 10 hadi 20 kwa kila sampuli, kisha hutenganishwa kwenye mashine ya kromatografia na kupimwa. Faida yake ni uhakika: unajua kabisa kwamba ulichopima ni dopamini, na unapata kiwango cha msingi. Hasara yake iko kwenye zile dakika 10, maana tukio la dopamini ndani ya ubongo hukaa chini ya sekunde 2, nawe unapata wastani wake uliochanganywa na utulivu wa dakika nzima. Isitoshe, mrija wenyewe ni mnene mara nyingi kuliko seli, umejeruhi tishu uliyokuja kuipima, na unakusanya sehemu tu ya kilichopo nje. Asiyepima sehemu hiyo ni asilimia ngapi kwa suluhisho la dopamini inayojulikana atatoa namba nzuri isiyo na maana.

Ya pili ni voltametria ya kasi. Hapa elektrodi ni uzi wa kaboni wenye kipenyo cha mikromita 7 hivi. Volti hupandishwa kutoka hasi 0.4 hadi chanya 1.3 na kurudishwa, kwa kasi ya volti 400 kwa sekunde. Safari hiyo ya kwenda na kurudi huchukua milisekunde 8.5, na hurudiwa mara 10 kwa sekunde. Volti ikipita karibu na 0.6 dopamini hupoteza elektroni, mkondo mdogo wa umeme hutokea, na mkondo huo ndio kipimo.

Inapendeza ikiwa karatasini. Mezani kuna mitego. Uzi wenyewe unapochajiwa hutoa mkondo mkubwa mara mia kuliko ule wa dopamini, kwa hiyo lazima uuondoe kwa hesabu: unachukua kipimo cha kabla ya tukio, unakitoa kwenye cha baada. Lakini mkondo huo wa nyuma huhamahama, na baada ya dakika moja na nusu hivi hesabu haiaminiki tena. Ndiyo maana njia hii huonyesha mabadiliko tu. Ukiiuliza kiwango cha msingi haina jibu. Tindikali ya tishu ikibadilika kidogo, nayo hujitokeza kama wimbi linaloweza kudhaniwa kuwa dopamini. Noradrenalini, kemikali jamaa ya dopamini, hutoa umbo karibu lilelile, kwa hiyo ukipima eneo lenye zote mbili huwezi kuzitofautisha kwa macho. Itabidi utumie dawa zinazoziba pampu ya moja na kuiacha nyingine. Protini za ubongo nazo huganda juu ya kaboni na kuufanya uzi kuwa butu, hivyo elektrodi iliyopimwa kabla ya kuingia ipimwe tena baada ya kutoka. Na ukiona kilele cha dopamini kimesogea kuelekea upande mmoja, usikimbilie kuandika ugunduzi. Tazama kwanza elektrodi ya rejea, ambayo volti hupimwa dhidi yake, ile ya fedha na kloridi ya fedha, maana ikikaa wiki kadhaa mwilini kloridi yake huliwa.

Tangu mwaka 2018 zipo pia protini zinazong'aa zikiguswa na dopamini, nazo zimerahisisha mengi. Hata hivyo mwangaza hufifia kadiri unavyoutazama, na hauonyeshi moja kwa moja dopamini ni kiasi gani. Bado uzi wa kaboni una kazi.

Mnyama wa kufanyia majaribio naye hutengenezwa kwa uangalifu. Njia ya zamani ni sumu iitwayo 6-haidroksidopamini, inayoingia ndani ya seli kupitia pampu ileile ya DAT na kuziua kutokea ndani. Kipimo cha kawaida kwa panya mkubwa ni mikrogramu 8 hivi katika mikrolita 4, ikiingizwa polepole upande mmoja wa ubongo, na sindano iachwe mahali pake dakika 5 ili maji yasifuate tundu kurudi juu. Sumu hii huoksidika upesi. Huyeyushwa katika maji ya chumvi yenye asidi askobiki, ikawekwa kwenye barafu, gizani, na ikianza kuwa kahawia imekwisha kazi yake: itupwe. Kikundi kinachopata panya wasio na dalili huenda kilitumia sumu iliyokwisha kuoza. Nusu saa kabla panya hupewa desipramini, ili seli za noradrenalini zisiinyonye sumu na kufa pamoja na hizo nyingine. Baada ya wiki 2 au 3 hudungwa amfetamini, dawa inayoifanya dopamini imwagike, naye huanza kuzunguka kuelekea upande uliojeruhiwa, kwa kuwa upande usiojeruhiwa ndio wenye dopamini ya kumwagika. Akizunguka mara 6 au 7 kwa dakika tunajua seli nyingi zimekufa. Akipewa apomofini, inayogusa vipokezi moja kwa moja, huzunguka upande wa pili, kwa sababu vipokezi vilivyokosa dopamini vimekuwa vikali kupita kiasi.

Modeli hii ni nzuri kwa kupima dawa za dalili. Kwa kupima dawa za kuzuia seli zisife ni mbovu, nami nalisema bila kuzunguka: sumu inayoua kwa siku chache haifanani na ugonjwa unaotafuna kwa miaka 20. Dawa nyingi zimewakinga panya dhidi ya sumu, kisha zikashindwa kwa binadamu.

Vipimo hivi vya haraka ndivyo vilivyotufundisha kwamba seli za dopamini zina namna mbili za kuzungumza. Kwa kawaida hupiga mapigo machache kwa sekunde, na dopamini huwepo kwa kiwango cha chini kisichobadilika sana, kama manyunyu ya kutwa. Likitokea jambo la maana, hupiga mfululizo wa mapigo ya kasi, nayo mvua hushuka ghafla na kukata ghafla. Manyunyu huviweka vipokezi tayari, hasa vya aina ya D2 ambavyo hushika dopamini hata ikiwa kidogo. Mvua huvigusa vya aina ya D1. Mwendo laini wa mkono unahitaji vyote viwili.

Sasa tazama tembe inaleta nini. Levodopa iliyoambatana na kabidopa, dawa saidizi nitakayoieleza hivi punde, hupungua kwa nusu ndani ya damu kila baada ya dakika 90 hivi. Miaka ya mwanzo mgonjwa halioni hilo, kwa kuwa matawi yaliyobaki huinyonya, huigeuza kuwa dopamini, huiweka ghala na kuitoa kidogokidogo. Kadiri matawi yanavyopungua, ghala linapungua, na siku inafika ambapo ubongo unaifuata damu moja kwa moja: inapanda naye anapata nafuu, inashuka naye anakakamaa.

Kuna lililo baya zaidi. Levodopa haigeuzwi na seli za dopamini tu. Seli za serotonini, kemikali nyingine ya ujumbe, zinazotoka kwenye shina la ubongo, zina dekaboksilasi na zina pampu ya vifuko. Basi zinaipokea levodopa, zinatengeneza dopamini na kuimwaga. Ila hazina DAT ya kuirudisha, wala hazina vipokezi vya kuzionya kwamba sasa yatosha. Dopamini inatoka bila breki. Miondoko ya kujipindapinda mnayoiona saa moja baada ya dozi sehemu yake inadhaniwa kuanzia hapo. Kwa hiyo mgonjwa anapojipinda msiseme dawa haifanyi kazi, mkaongeza. Andikeni saa ya tembe na saa ya miondoko. Ikija kilele cha dozi, daktari huenda akagawa kiasi kilekile mara 5 au 6 badala ya 3, au akaongeza amantadini. Ikiwa badala yake nafuu inakatika kabla ya dozi inayofuata, kuna entakaponi inayoifunga COMT, miligramu 200 pamoja na kila dozi ya levodopa (mkojo ukiwa wa rangi ya chungwa msishtuke), au rasajilini inayoifunga MAO-B. Pampu zinazopeleka levodopa ya jeli moja kwa moja kwenye utumbo mwembamba mchana kutwa zilibuniwa kwa mantiki hiyohiyo: kurudisha manyunyu.

Kabidopa ina kazi moja. Huizuia dekaboksilasi iliyo nje ya ubongo, na yenyewe haivuki kuingia ubongoni. Bila hiyo karibu levodopa yote huishia kuwa dopamini tumboni na damuni, ikaleta kichefuchefu. Mwili unahitaji kama miligramu 70 hadi 100 za kabidopa kwa siku ili kimeng'enya hicho kizuiwe vya kutosha. Tembe ya kawaida ina levodopa 100 na kabidopa 25, kwa hiyo anayemeza nusu tembe mara 3 kwa siku anapata 37.5 tu, na kichefuchefu chake huenda kinatokana na kabidopa kuwa kidogo. Waulizeni madaktari swali hilo kabla ya kuikimbia dawa. Mbegu za upupu nazo zina levodopa halisi, hilo si uzushi. Lakini hazina kabidopa, na kiasi kinatofautiana mbegu kwa mbegu. Anayezichanganya na tembe kimyakimya anamharibia daktari hesabu yote.

Tembe ikishamezwa, haifyonzwi tumboni. Hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, kwa hiyo tumbo linalochelewa kujimwaga, jambo la kawaida katika Parkinson, huichelewesha dawa. Mlangoni mwa utumbo, na tena mlangoni mwa ubongo, levodopa hubebwa na vibebeo vilevile vinavyobeba asidi amino za nyama, maziwa, mayai na kunde. Mlo mzito wa protini ukiwahi, levodopa inabaki foleni. Ndiyo sababu ya kusema tembe imezwe nusu saa kabla ya kula, au saa moja baada ya kula. Protini isiondolewe, mgonjwa atadhoofika. Wanaosumbuka sana huisogeza nyingi yake kwenye mlo wa jioni. Tembe za madini ya chuma hushikana na levodopa, zitenganishwe kwa saa 2 au zaidi. Choo kigumu kitibiwe kama sehemu ya tiba yenyewe.

Parkinson haiishii kwenye dopamini. Seli za noradrenalini hufa pia, hata zile za neva zinazoufikia moyo, na hapo ndipo kizunguzungu cha kusimama kinapoanzia. Mlazeni mgonjwa dakika 5, pimeni shinikizo, msimamishe, pimeni baada ya dakika 1 na ya 3. Likishuka kwa 20 upande wa juu au 10 wa chini, mwambieni daktari, kwa maana kuongeza levodopa huenda kukalishusha zaidi. Asetilikolini, kemikali nyingine ya ujumbe, nayo hupungua, ikaathiri kumbukumbu na mwendo.

Na kwa nini seli zinakufa? Mshukiwa mkuu ni alfa-sainukleini, protini ya asidi amino 140. Mwaka 1997 ilionekana kwamba badiliko moja kwenye jeni yake huleta ugonjwa katika familia, na mwaka huohuo ikagunduliwa kuwa ndiyo imejaa kwenye vidonge vya Lewy, mabonge ya uchafu ndani ya seli yaliyoelezwa na Friedrich Lewy mwaka 1912. Mwaka 2008 vidonge hivyo vilikutwa hata ndani ya seli changa zilizopandikizwa kwa wagonjwa zaidi ya miaka 10 kabla, dalili kwamba protini iliyojikunja vibaya inaweza kuhama seli hadi seli. Kuizuia bado hakujawezekana. Isradipini, iliyotarajiwa kupunguza ule mzigo wa kalisi, ilijaribiwa kwa miaka 3 na matokeo yakatoka 2020: haikuchelewesha ugonjwa. Mpaka sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kuuzuia usiendelee, na anayewauzia iliyo na ahadi hiyo anawadanganya.

La mwisho ni kwa wauguzi, na kwa familia siku mgonjwa anapolazwa kwa jambo lingine, tuseme upasuaji wa nyonga. Levodopa isikatwe ghafla. Ikikatwa, mwili unaweza kukakamaa, joto likapanda na fahamu zikavurugika, na hali hiyo huua. Akizuiwa kula, ulizeni kama tembe inaweza kumezwa kwa maji kidogo hadi karibu na upasuaji, na baadaye ipitishwe kwa mrija wa puani. Kuna pia bandiko la kubandika ngozini lenye rotigotini, dawa inayovigusa vipokezi vya dopamini. Akitapika asipewe metoklopramidi wala proklorperazini, na akichanganyikiwa asipewe haloperidoli, maana zote huviziba vipokezi vya dopamini ndani ya ubongo. Domperidoni haivuki sana kuingia ubongoni, ila mapigo ya moyo yaangaliwe kwanza. Na kwenye kadi ya dawa msiandike "mara 5 kwa siku", kwa kuwa zamu ya dawa ya wodi itazigawa inavyojua yenyewe. Andikeni saa 12 asubuhi, saa 3, saa 6, saa 9 alasiri, saa 12 jioni, na mgonjwa anayeweza kujimezea mwenyewe aachiwe tembe zake kando ya kitanda.